Mji Kasoro Bahari, Kasoro na Video: Moro Ilivyokuwa na Mastaa Kabla ya TV

Mashabiki wa rock ya Uingereza wana raha yao bwana. Wakitaka kukumbuka The Beatles walipokuwa bado vijana, wanaingia YouTube, wanatafuta shoo ya Ed Sullivan, na kila kitu kipo: suti, nywele, mabinti wanaolia kama wamefiwa. Ilikuwa tarehe 9 Februari 1964, na Wamarekani kama milioni 73 walikaa mbele ya TV kuwaangalia. Mpaka leo watu wazima wanabishana nani alikuwa anapiga vizuri zaidi usiku ule, na ushahidi wanao.

Sasa andika jina la Mbaraka Mwinshehe. Muziki utaupata, tena mwingi. Ila mara nyingi kwenye skrini inakaa picha moja ya mnato, kuanzia wimbo unapoanza mpaka unapoisha. Gitaa unalisikia linalia, vidole huvioni.

Si kwamba Moro ilikosa mastaa. Mji wetu kasoro bahari, chini ya Milima ya Uluguru, ulikuwa na bendi mbili ambazo Bongo nzima ilizijua. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Cuban Marimba ilikuja baadaye chini ya Salum Abdallah, aliyezaliwa 1928 na kuupenda mno muziki wa Cuba uliokuja kwenye santuri. Inasimuliwa kwamba ujanani alitoroka nyumbani akitaka kufika Cuba kwenyewe, akaishia Mombasa. Akarudi Moro, akaamua kuipiga Cuba yake hapahapa, kwa Kiswahili.

Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaibeba Cuban Marimba. Miaka hiyohiyo, upande wa pili, kijana mmoja mpiga gitaa alikuwa anapanda kwa kasi ndani ya Morogoro Jazz. Huyo ndo Mbaraka. Mji mmoja, bendi mbili kubwa, mashabiki wamegawanyika. Kama unaona timu za mastaa wa leo zina kelele, jua kwamba Moro walishaanza kitambo.

Na wala haikuwa sifa ya mtaani tu. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 pale Osaka, wakiiwakilisha Tanzania. Maonyesho yale yalitembelewa na watu kama milioni 64. Vijana wa Moro wakapiga dansi mbele ya dunia. Lakini mashabiki wao huku nyumbani wangewaonea wapi? TV yenyewe haikuwepo.

Hapo ndo kuna kitu wengi wa umri wetu hatukijui. Kenya walipata televisheni 1962, Uganda 1963, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tukasubiri. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona TV ni anasa ya watu wachache wa mjini, wakati nchi ina shule na zahanati za kujenga. ITV ilianza 1994. Mbaraka, ambaye mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kwa hiyo TV za Bara zilipowaka, yeye alikuwa na miaka 15 kaburini.

Basi shabiki wa wakati ule alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda dansini mwenyewe, kulipa kiingilio na kuucheza mtindo wa Sululu mpaka jasho. Ya pili ni redio. Bendi zilisafiri mpaka Dar, zikaingia studio za Radio Tanzania, zikarekodi, na wimbo ukasikika nchi nzima. Santuri zenyewe zilikuwa zinatengenezwa Nairobi.

Lakini kabla hatujawaonea wivu Waingereza, sikia hii. BBC walikuwa na kamera, ila kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo walikuwa wanafuta kipindi na kurekodi kingine juu yake. Tarehe 16 Juni 1966 The Beatles walipiga studio kwenye Top of the Pops, na kanda ya kipindi kile ikapotea. Mwaka 2019 zikapatikana sekunde 11 ambazo familia moja ya Liverpool ilikuwa imezipiga kwa kamera yao ya nyumbani, wakiielekeza kwenye TV. Sekunde 11, na mashabiki wakafurahi kama Krismasi! Radio Tanzania, iliyokuwa na hela kidogo mno, ilitunza kanda nyingi za bendi zetu. Ndiyo maana gitaa la Mbaraka bado tunalisikia.

Kwa hiyo sauti tunayo. Kinachoondoka ni macho yaliyoona. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa ameshavuka 70. Yeye ndiye anayejua Mbaraka alisimamaje jukwaani, watu walivaa nini, ukumbi ulikuwaje gitaa likiingia. Akiondoka, hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo ukienda Moro, usiishie kupiga selfi na milima. Kaa na babu au bibi, mwekee wimbo wa Morogoro Jazz, washa rekoda ya simu, muulize alicheza na nani. Omba na albamu ya picha pale kabatini. Sekunde 11 za Beatles zilitoka nyumbani kwa watu wa kawaida tu. Za kwetu nazo huenda zipo kwenye droo fulani pale Moro, zinasubiri mjukuu aulize.