Anwani za Kuazima: Siku Ruta ya Msambweni Ilipoacha Kugawa Namba

Leo nataka tuzungumze historia kidogo, lakini naanza na kisa, kwa sababu bila kisa hicho nisingeikumbuka historia yenyewe.

Mwaka jana, tarehe 29 Juni asubuhi, mjomba wangu alinipigia simu kutoka Msambweni. Ana saiba ndogo ya kompyuta sita na printa moja. Kwa msiokaa Kenya: 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ya mapato kwa KRA, na ukichelewa faini haipungui shilingi 2,000. Mlangoni pake walikuwa wamejipanga walimu, mabawabu wa hoteli za Diani, na vijana wasio na ajira ambao nao hutakiwa kujaza ritani tupu maadamu wana namba ya kodi. Kwa kijana asiye na kazi, shilingi 2,000 si mchezo.

"Mwanangu, mtandao upo na haupo," mjomba aliniambia. "Taa zote zawaka, lakini hakuna kinachofunguka. Tangu jana usiku, ile ruta ilipojisasisha."

Nilivuka kivuko cha Likoni, nikapanda matatu hadi Ukunda, kisha nyingine hadi Msambweni. Nilipofika nilikaa kwenye kompyuta ya kwanza, nikafungua dirisha jeusi na kuandika ipconfig. Anwani iliyotokea ilianza na 169.254. Kompyuta ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu pia.

Ukiiona namba hiyo, jua kompyuta imeita na hakuna aliyeitika. Tangu Windows 98, mashine iliyokosa kupewa anwani hujibandika yenyewe namba ya 169.254 ili isikae bure. Kwa namba hiyo inaweza kuongea na jirani aliye kwenye waya mmoja nayo, lakini haiwezi kufika KRA wala kwingineko. Basi nilijua tatizo si waya wa kutoka nje. Tatizo ni kwamba ruta imeacha kugawa anwani. Lakini ni nani aliyeipa ruta kazi hiyo?

Tuanze na barua. Huku kwetu pwani ya kusini nyumba nyingi hazina namba ya mtaa. Barua huja kwa sanduku la posta: Ukunda 80400, Kwale 80403, Msambweni 80404. Na wengi wetu hatukuwa hata na sanduku. Tulitumia la shule au la msikiti. Barua ikifika, mwalimu mkuu anasoma jina na kumwita mwenyewe. Sanduku moja, watu mia tatu. Mfano huu ushikeni, tutaurudia.

Kwenye kompyuta, mambo yalianza na daftari. Mwaka 1972 Jon Postel, mtaalamu wa Marekani, alipendekeza kuwe na mtu mmoja wa kutunza orodha ya namba zilizotumika kwenye mtandao wa ARPANET. Kazi hiyo ikamwangukia yeye, na akaishika kwa namna moja au nyingine hadi alipofariki mwaka 1998. Mashine zilipokuwa chache, mtu mmoja na orodha yake walitosha.

Kisha zikaja mashine zisizo na diski. Zikiwashwa hazikumbuki lolote, hata anwani zao. Mwaka 1984 ikatungwa RARP, njia ya mashine kuuliza, "Mimi ni nani?" Mwaka 1985 ikafuata BOOTP, iliyoweza kutoa maelezo zaidi. Lakini kwa zote mbili, lazima mtu awe ameandika mapema kwamba mashine fulani ina anwani fulani. Daftari lilikuwa bado lipo, ila sasa limo ndani ya kompyuta.

Mabadiliko makubwa yalikuja Oktoba 1993, pale DHCP ilipochapishwa. Mwandishi wake alikuwa Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania. Toleo linalotumika hadi leo kwa anwani za kawaida ni la Machi 1997. DHCP ilikuja na jambo jipya: anwani si yako, unaiazima. Mazungumzo yake ni ya hatua nne. Kompyuta inapiga kelele, "Kuna mgawaji hapa?" Mgawaji anajibu, "Nipo, chukua hii." Kompyuta inasema, "Naam, naiomba hiyo." Mgawaji anamaliza, "Haya, ni yako kwa saa 24." Muda ukikaribia kwisha unaomba tena, na ukiondoka namba inarudi kwenye kapu apewe mwingine.

Kwa nini tuazime badala ya kumiliki? Kwa sababu anwani ni chache. Mfumo wa zamani, yaani IPv4, una namba bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Ndiyo maana mwaka 1994 ilielezwa njia ya NAT, na mwaka 1996 mafungu ya namba za ndani yakatengwa rasmi, likiwemo lile la 192.168 tunalolijua sote. Hapa ndipo mfano wetu unaporudi. Nje, nyumba ina anwani moja tu, kama sanduku la shule. Ndani, kila mtu ana namba yake. Ruta ndiyo mwalimu mkuu.

Na huku kwetu je? Kenya ilipata huduma kamili ya intaneti mwaka 1995, ila kwa miaka mingi mawasiliano ya kwenda ng'ambo yalipanda setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kwa bei kali na mwendo wa kobe. Mambo yalibadilika Mombasa mwaka 2009. Waya wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika ufukweni Juni, na SEACOM ikaanza kazi Julai. EASSy ikafuata mwaka 2010. Bei ilipoanza kushuka, ruta zikaingia madukani na majumbani, zikavuka Likoni hadi kwetu.

Lakini tulijiunga karamuni sahani zikikaribia kwisha. AFRINIC, shirika la kugawa anwani kwa Afrika, lilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho. AFRINIC yenyewe ilianza kubana ugawaji mwaka 2017, ikabana zaidi mwaka 2020. Kwa hiyo mtoto wa Msambweni akiingia mtandaoni leo kwa IPv4, kwa kawaida anatumia namba ya kuazima, nyuma ya namba nyingine inayochangiwa na wengi.

Sasa turudi kwa mjomba. Niliigeuza ruta. Karatasi iliyobandikwa chini ilisema anwani yake ya kiwandani ni 192.168.100.1. Mjomba akakumbuka kwamba kijana aliyemfungia printa alikuwa ameibadilisha kuwa 192.168.1.1, kwa kuwa printa yenyewe ilipewa namba ya kudumu, 192.168.1.20. Nikaipa laptopu yangu anwani kwa mkono, 192.168.100.5, na ukurasa wa ruta ukafunguka mara moja.

Kosa lilikuwa wazi. Sasisho la usiku liliirudisha ruta kwenye anwani ya kiwandani, lakini likaacha kapu la kugawa lilivyokuwa: kuanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.99. Yaani mwalimu mkuu amehamishiwa shule nyingine huku ameshika orodha ya wanafunzi wa zamani. Badala ya kugawa namba zisizo za shule yake, alinyamaza kimya. Ndiyo maana mjomba aliizima na kuiwasha mara tano bila mafanikio.

Nilirudisha 192.168.1.1, nikahifadhi, nikaiwasha upya. Kompyuta sita zikapata anwani kabla sijanywa chai. Foleni ikaanza kusogea, na hadi usiku wa tarehe 30 mjomba hakumrudisha mtu hata mmoja kwa sababu ya mtandao.

Kabla ya kuondoka nilimwomba daftari lake la madeni. Kwenye ukurasa wa mwisho niliandika anwani ya ruta, mwanzo na mwisho wa kapu, na namba ya printa. Akacheka: "Kompyuta zote hizi, na bado twaandika kwa kalamu?" Nikamwambia ndivyo Postel alivyoanza. DHCP ilitupunguzia kuandika namba ya kila mashine, lakini namba za mgawaji mwenyewe lazima ziwe kwa mtu. Nawe leo, kabla ruta yako haijajisasisha usiku, fungua ukurasa wake unakili namba hizo tatu nne.