Tozo Iliyoahidiwa Kufa

Saa 4 usiku wa Ijumaa, Oktoba 28, 2016, vibanda vya kulipia kwenye barabara kuu ya Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, vilipokea fedha taslimu kwa mara ya mwisho. Kwa karibu miaka 60 madereva walikuwa wakifika hapo, wakipunguza mwendo, wakishusha kioo na kumkabidhi mtozaji tiketi na sarafu zake. Baada ya usiku huo vibanda vikaanza kubomolewa, na juu ya barabara zikabaki nguzo za chuma zenye kamera zinazosoma namba za magari.

Mgeni angeweza kudhani kwamba tozo imefutwa. Wenyeji walijua kuwa bado wanalipa, ila sasa bili inawafuata nyumbani. Na wazee miongoni mwao walikumbuka kuwa walikuwa wameahidiwa jambo jingine kabisa: kwamba siku deni la ujenzi litakapokwisha, kulipia nako kutakoma.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Barabara hii, ambayo wakazi wa huko huiita Pike, ilibeba madeni mawili kwa pamoja, deni la fedha na deni la neno. La fedha lilikuwa na tarehe ya kumalizika. La neno ndilo lililokuja kuwatesa magavana, wabunge na wahandisi kwa miaka mingi, hata pale walipokuwa wanaomba kodi iliyokuwa na haki yote ya kuombwa.

Mti uliokatiza njia

Kulipia njia si jambo geni Massachusetts. Mwaka 1796 kampuni binafsi ilipewa kibali cha kutengeneza barabara ya kulipia kati ya miji ya Warren na Palmer, na nyingine nyingi zikafuata. Neno lenyewe turnpike linatokana na mti wenye ncha uliolazwa kukatiza njia. Msafiri akilipa, mti unazungushwa pembeni naye anapita. Asiyetaka kulipa alitafuta njia ya panya kupitia mashambani, akalizunguka lango na kuibukia mbele. Kampuni nyingi hazikupata faida ya maana. Reli ilipoingia, biashara hiyo ikafifia na barabara zikarudi mikononi mwa umma.

Magari ya petroli yalipozidi, majimbo yalihitaji chanzo kingine cha fedha. Mwaka 1919 jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza kutoza kodi ya mafuta kwa ajili ya barabara, senti 1 kwa kila galoni, yaani karibu lita 4. Ndani ya miaka 10 majimbo yote 48 ya wakati huo yalikuwa yamefuata. Ilikuwa kodi rahisi kukusanya, maana anayetumia barabara sana hujaza tangi mara nyingi, na hivyo hulipa zaidi bila kusimamishwa na yeyote njiani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, hata hivyo, senti hizo hazikutosha kujenga barabara pana za njia nyingi. Mwaka 1952 bunge la Massachusetts liliunda Mamlaka ya Turnpike chini ya William Callahan, aliyewahi kuwa kamishna wa kazi za umma wa jimbo hilo. Mamlaka ilikopa kwa kuuza hatifungani, na wakopeshaji wangerudishiwa fedha zao kwa tozo. Sheria ikaweka masharti yaliyoeleweka na kila mtu: hatifungani zikishalipwa, na barabara ikiwa katika hali nzuri, itakabidhiwa kwa jimbo na watu watapita bure.

Mei 15, 1957, barabara ilifunguliwa kutoka West Stockbridge, mpakani na jimbo la New York, hadi Weston, kwenye viunga vya Boston. Ilikuwa na urefu wa maili 123, karibu kilomita 198. Mwaka 1964 na 1965 ikasogezwa hadi katikati ya Boston. Sehemu hiyo ya mwisho ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye hatifungani yoyote. Ilipita juu ya nyumba za watu, zikiwemo za mtaa wa zamani wa Wamarekani Weusi huko West Newton, na ikaumega mtaa wa Wachina wa Boston.

Jirani anayepita bure

Mwaka 1956, ujenzi wa Pike ukiwa unaendelea, serikali kuu ya Marekani chini ya Rais Eisenhower ilipitisha sheria ya mtandao wa barabara kuu za taifa. Washington ingelipa asilimia 90 ya gharama kutoka kwenye kodi ya mafuta, na kwa kawaida barabara zilizojengwa kwa fedha hizo hazikuruhusiwa kutoza. Pike iliingizwa katika mtandao huo kwa namba I-90, lakini kwa kuwa ilijengwa kwa mkopo wake yenyewe, iliruhusiwa kuendelea na tozo zake.

Hapo ndipo mbegu ya ugomvi ilipopandwa. Mkazi wa Framingham, anayeingia Boston kutoka magharibi, hulipa. Mkazi wa vitongoji vya kaskazini au kusini, anayeingia kwa barabara ya I-93, hupita bure. Wote wawili wanakwenda kazini mji uleule, na wote wanalipa kodi ileile ya mafuta.

Kwa muda mrefu watu walivumilia. Kilichoumaliza uvumilivu wao ni mradi uliokuja kujulikana kama Big Dig. Barabara ya juu iliyokatiza katikati ya Boston tangu 1959 ilikuwa imejengwa kwa ajili ya magari 75,000 kwa siku, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yakipita karibu 200,000. Uamuzi ukafanywa wa kuibomoa na kuizika ardhini, pamoja na kuchimba handaki jipya chini ya bandari kuelekea uwanja wa ndege. Kazi ilianza 1991 na kukamilika 2007. Makadirio ya awali yalikuwa dola bilioni 2.8 kwa thamani ya mwaka 1982. Bili ya mwisho ilikaribia dola bilioni 15, bila kuhesabu riba.

Washington ilipokataa kubeba nyongeza yote, jimbo lilitafuta mabega mengine. Sheria ya mwaka 1997 iliunganisha sehemu ya Pike iliyo karibu na Boston, mahandaki ya bandarini na barabara mpya ya chini kuwa mfumo mmoja chini ya Mamlaka ya Turnpike. Maana yake ni kwamba tozo ya mkazi wa Framingham ilianza kusaidia kulipia handaki la I-93, ambalo jirani yake wa kaskazini anapita bila kutoa hata senti.

Mwaka 2000 ilibainika kuwa viongozi wa mradi walikuwa wameficha ongezeko la gharama la zaidi ya dola bilioni moja, na mwenyekiti wa Mamlaka, James Kerasiotes, akaondoka. Julai 2006 vipande vya zege vya dari ya handaki viliangukia gari na kumuua mwanamke aliyekuwa ndani. Tangu hapo, mwananchi wa Massachusetts aliposikia neno barabara likitajwa pamoja na neno fedha, alikumbuka uwongo na kifo.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Mradi ule uliiponya Boston. Palipokuwa na barabara ya juu yenye kelele na moshi, leo kuna bustani ndefu watu wanapumzika na watoto wanacheza. Mahandaki yanafanya kazi. Kosa halikuwa kujenga. Kosa lilikuwa kuficha bei, kisha kuipeleka bili kwa watu waliokuwa rahisi kukamatwa kwa sababu walikuwa tayari wamesimama mbele ya kibanda.

Gavana na senti 19

Mwaka 2007 tume iliyochunguza fedha za usafiri ilieleza kuwa katika miaka 20 iliyokuwa mbele, jimbo lingepungukiwa na dola kati ya bilioni 15 na 19, na hizo zilikuwa za kutunza tu kile kilichokwisha kujengwa. Kodi ya mafuta ya jimbo ilikuwa imesimama kwenye senti 21 kwa galoni tangu 1991. Ile ya serikali kuu ilisimama kwenye senti 18.4 mwaka 1993, nayo haijaguswa hadi leo. Lami, chuma na mishahara vilipanda, magari yakaanza kunywa mafuta kidogo, na senti zikabaki zilezile.

Novemba 2008 bodi ya Turnpike ilipendekeza kupandisha tozo ya mahandaki ya bandarini hadi dola 7 na ile ya malango ya Weston na Allston hadi dola 2. Madereva wa magharibi na wakazi wa East Boston, wanaotegemea mahandaki hayo, walikasirika. Februari 2009 Gavana Deval Patrick akaja na njia nyingine: kuongeza kodi ya mafuta kwa senti 19, ili mzigo usambae kwa kila dereva wa jimbo zima, pamoja na yule wa I-93.

Kwa hesabu za haki, gavana alikuwa sahihi. Lakini uchumi ulikuwa umeanguka, na watu waliuliza kwa nini waongeze fedha kwa ofisi zilezile zilizowadanganya. Kauli iliyotawala bungeni ilikuwa mageuzi kwanza, mapato baadaye. Wabunge waliizika kodi ya mafuta na badala yake wakapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.25, sehemu yake ikienda kwenye usafiri. Hivyo bibi kizee asiye na gari, anaponunua sufuria, naye akawa mlipaji wa barabara.

Mageuzi yenyewe yalikuja. Juni 26, 2009, Patrick alitia saini sheria ya kuvunja Mamlaka ya Turnpike, na kuanzia Novemba 1 mwaka huo barabara, madaraja na usajili wa magari vikawekwa chini ya idara moja. Taasisi iliyotoa ahadi ya 1952 ikafa. Ahadi yake ilibaki bila mwenyewe.

Sanduku la kura

Mwaka 2013 bunge liliongeza senti 3 kwenye kodi ya mafuta na kuamua kwamba baadaye ipande yenyewe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Kwa mtaalamu wa fedha, hilo ni jambo la busara. Lakini katika jimbo ambalo mwaka 1773 watu wake walimwaga chai baharini kupinga kodi wasiyoipigia kura, kodi inayojipandisha yenyewe ilikuwa uchokozi. Novemba 2014 wananchi waliufuta upandaji huo kwa kura za maoni, kama 53 kati ya kila 100.

Kisha ikafika Januari 2017. Hatifungani za sehemu ya magharibi ya Pike, ile iliyofunguliwa 1957, zilikuwa zimefikia mwisho wa malipo. Ndiyo siku iliyosubiriwa kwa miongo sita. Jimbo likaamua kuendelea kutoza, kwa hoja kwamba barabara ilikuwa bado inahitaji fedha nyingi za matengenezo. Sharti la hali nzuri, lililoandikwa 1952 kama tahadhari ndogo, likageuka kuwa mlango ambao tozo ilipitia na kuishi.

Karibu miaka sita baadaye, wananchi wale wale walikubali kodi mpya. Novemba 2022 kura za maoni zilipitisha nyongeza ya asilimia 4 kwa mapato yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Matumizi yake yaliandikwa ndani ya katiba ya jimbo: elimu, barabara na usafiri wa umma. Ni kweli kwamba mzigo uliwekwa kwa matajiri, na hilo lilisaidia. Lakini naamini pia kwamba safari hii watu walioneshwa mahali fedha itakapokwenda, kwa maandishi ambayo ofisa hawezi kuyabadilisha kimyakimya.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaipita njia hiyohiyo. Tunalipia barabara kila tunapojaza mafuta, na sasa tunalipia pia kwenye malango ya Nairobi Expressway, ya barabara ya Kampala hadi Entebbe na ya Daraja la Kigamboni. Barabara nzuri hazijengwi kwa maneno, na anayezitumia hana budi kuchangia. Basi tuulize mapema, mkataba ukiwa bado mezani: deni ni kiasi gani, litakwisha lini, na siku hiyo ikifika lango litafanywa nini? Jibu liandikwe, lisomwe hadharani, na pasiwe na sharti dogo la kulikimbia. Watu wa Massachusetts walisubiri miaka 60, na leo bado wanalipa.