Kibodi au kipanya: Kipi kinaokoa muda wa karani?

Kwa karani wa wakala wa forodha anayejaza tamko la mzigo wenye bidhaa 60, uchaguzi kati ya kibodi na kipanya unagusa muda ambao lori litasubiri mpakani.

Kipanya ni kazi ya Mmarekani Douglas Engelbart, aliyekionyesha hadharani mjini San Francisco Desemba 9, 1968. Kilipata umaarufu baada ya kompyuta ya Macintosh kuingia sokoni mwaka 1984.

Mwaka 1980 watafiti Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walitoa makadirio yanayotumika hadi leo. Kwa mpiga chapa mzoefu, kubonyeza kitufe ni sekunde 0.2, kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya 0.4, na kulenga alama kwenye skrini 1.1. Kwa hesabu hiyo, kubonyeza alama moja kwa kipanya na kurudisha mkono kwenye kibodi ni sekunde 2.1, wakati vitufe viwili vya kibodi ni 0.4. Tamko la bidhaa 60, kila moja ikihitaji hatua 10 za namna hiyo, linaokoa dakika 17.

Hata hivyo, watafiti hao walikadiria pia sekunde 1.35 za kufikiri. Anayejiuliza kila mara ni kitufe kipi, faida yake inayeyuka.

Vitufe vya kuanzia ni hivi:
- Tab: kwenda nafasi inayofuata ya fomu, Shift na Tab hurudi nyuma.
- Alt na Tab: kuhama kutoka ankara kwenda kwenye fomu.
- F2: kurekebisha seli ya Excel bila kuifuta.
- Ctrl na Z: kutengua kosa.

Mstari wa amri wa Windows unafaa kazi za kujirudia. Amri "copy *.csv jumla.txt" huunganisha faili zote za aina hiyo zilizo katika folda kwa mara moja. Lakini amri "del" hufuta bila kupitisha faili kwenye pipa la taka, hivyo nakala ya akiba ni lazima.

Kipanya kinabaki bora kwa ramani, picha na programu ngeni. Aidha, kasi haiondoi uhakiki: tarakimu moja yenye kosa katika namba ya ushuru ya tarakimu 8 inaweza kubadilisha kiwango cha kodi, na dakika 17 zilizookolewa zikageuka siku ya kusubiri.