Chuo cha Dar es Salaam na Njia Zake za Kufundisha

Somo letu la leo ni la historia, nanyi mlio darasani Kiwalani mtalifuata kwa urahisi, kwa kuwa linaanzia karibu na kwenu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: mhadhara, semina. Maana yake tutaijua baadaye.

Mwaijua Barabara ya Nyerere, ipitayo uwanja wa ndege. Zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Huko Pugu ilikuwako shule ya sekondari ya Wakatoliki, na mmoja wa walimu wake alikuwa Julius Nyerere. Alifundisha huko mpaka mwaka 1955, alipoacha kazi ili aitumikie TANU. Siku zile Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda, kama alivyokwenda Nyerere mwenyewe mwaka 1943, au alivuka bahari.

Chuo chetu cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita na siku chache kabla ya Uhuru. Hakikuwa na nyumba. TANU ikakipa jengo lake jipya katika Mtaa wa Lumumba, hapo Mnazi Mmoja. Wanafunzi hawakupita 14, na wote walisoma sheria, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Hebu jihesabuni mlivyo darasani sasa. Huenda ninyi ni wengi kuliko wao.

Sasa tutazame ubaoni. Mhadhara ni somo ambalo mwalimu husimama mbele akasema, na wanafunzi husikiliza na kuandika. Desturi hii ni ya kale. Huko Ulaya, kabla ya mashine ya kuchapa, kitabu kiliandikwa kwa mkono nacho kilikuwa ghali mno. Basi mwalimu alisoma kwa sauti, na wanafunzi wakanakili. Baadaye vitabu vilipatikana kwa wingi, lakini desturi haikufa. Semina ni jambo jingine. Watu wachache huketi pamoja, mmoja akaeleza kazi aliyoiandika, na wenziwe wakamhoji. Mwalimu naye husikiliza, na wakati mwingine hubishiwa.

Penye watu 14 semina ni rahisi. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, upande wa Ubungo, na masomo yakaongezeka, na wanafunzi wakawa mamia, na baadaye maelfu. Walioshika ile noti ya shilingi 500 yenye picha ya Mzee Karume watakumbuka jengo lililochorwa nyuma yake. Lile ni Jumba la Nkrumah, la hapo Mlimani. Katika ukumbi mkubwa namna ile mhadhiri hawezi kumjua kila mtu kwa jina, wala asiyeelewa hathubutu kunyosha mkono. Huenda wewe unaye mtoto chuoni, naye hurudi nyumbani na daftari lililojaa, lakini ukimwuliza, "Mwanangu, leo umejifunza nini?" hawezi kukueleza. Usimwone mvivu upesi.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walikataa hasa kukatwa sehemu ya mshahara. Rais Nyerere alikasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wengi huisimulia habari hii kama habari ya mshahara tu. Kwangu mimi ilikuwa pia habari ya darasa, maana watu waliuliza: vijana hawa wanafundishwa nini huko Mlimani, hata wasione kwamba fedha ya masomo yao yatoka kwa mkulima? Mwaka 1967 mkutano ulifanyika hapo chuoni kujadili jambo hilo, na baada yake likaanzishwa somo juu ya maendeleo, la kusomwa na wanafunzi wa fani mbalimbali.

Tarehe 1 Julai 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachojitegemea. Miaka ile Walter Rodney, mtu wa Guyana, alifundisha historia pale. Palikuwa pia na madarasa ya siasa ya Jumapili asubuhi, yaliyoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Hayakuwa na mtihani wala alama, hata hivyo watu walikwenda. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alifika Dar es Salaam Paulo Freire, mwalimu wa watu wazima kutoka Brazil. Yeye alilaumu mafundisho ya kumfanya mwanafunzi kama benki, ambamo mwalimu huweka maneno, kisha siku ya mtihani akayachukua tena.

Limebaki jambo la lugha, nalo si dogo. Tangu 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, lakini sekondari na chuo kikuu zilibaki na Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya Rais, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilishauri Kiswahili kitumike hata sekondari. Serikali haikukubali. Watu husema Kiswahili hakina maneno ya elimu ya juu. Lakini Mlimani kwenyewe, mwaka 1970, iliundwa Idara ya Kiswahili, na masomo yake yakatolewa kwa Kiswahili. Wahadhiri na wanafunzi walizungumza juu ya isimu, yaani elimu ya lugha, na juu ya fasihi, wakabishana na kufanya mitihani, bila kuazima lugha ya mtu. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, lakini mihadhara mingi iliendelea kwa Kiingereza.

Mwalimu wa darasa, sasa zima redio, uwapange watu wakae kwa duara. Jadilini: mtu mzima hujifunza zaidi kwa kuambiwa au kwa kuuliza? Na kama yuko ambaye hakuelewa neno lo lote katika somo hili, aulize sasa hivi, maana mimi huku studio siwezi kumwona.