Mfuko wa nafaka usiopitisha hewa

Mfuko usiopitisha hewa ni chombo cha kuhifadhia nafaka kinachoua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, bila kiuatilifu chochote. Aina iliyoenea zaidi, ambayo Tanzania huitwa pia mfuko wa kinga njaa, ilitokana na utafiti ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Kameruni kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, kwanza kwa ajili ya kunde, kisha ikahamia kwenye mahindi. Ndani mna mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na nje kiroba cha kawaida. Kila mdomo husokotwa, hukunjwa na kukazwa kwa kamba peke yake. Baada ya hapo wadudu waliomo huimaliza oksijeni kwa kupumua kwao wenyewe, huacha kula, na hatimaye hufa kwa kukaukiwa, kwa kuwa maji ya mwilini huyapata kwa kuunguza chakula kwa oksijeni hiyo hiyo.

Adui mkuu wa mahindi ghalani Afrika Mashariki ni dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati aliyebainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima walimbandika jina la lori la Scania, na si kwa kumwonea, maana hugeuza punje kuwa unga mtupu. Mfuko wenyewe nao una masharti yake: mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13 hivi huvunda ndani yake. Na kwa kuwa dumuzi huweza kuitoboa plastiki, mfuko hujazwa upepo na kubanwa ili kusikiliza kama unavuja, kabla ya kutumiwa tena.