Chama cha Wenye Viwanda vya Alumini na Usafi wa Hewa

Sufuria ni chombo cha kila siku katika nyumba za Afrika Mashariki, na alumini iliyofanyizwa sufuria hiyo hung'aa kwa usafi. Walakini kazi ya kuipata alumini haikuwa safi kama ung'avu wake, na habari za namna uchafu wake ulivyopunguzwa zastahili kuandikwa.

Njia itumikayo hata leo ilivumbuliwa mwaka 1886 na watu wawili wasiojuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa. Unga mweupe uitwao alumina huyeyushwa ndani ya tanuri lenye chumvi za florini, kwa joto lipatalo nyuzi 960 hivi, kisha umeme hupitishwa kwa vipande vya kaboni. Unga huo upunguapo kupita kiasi, umeme hupanda ghafula kutoka volti 4 au 5 hata 30 au zaidi. Hapo kaboni huungana na florini, zikatoka gesi mbili, CF4 na C2F6. Gesi hizi hazina rangi wala harufu. Lakini kwa muda wa miaka 100 uzito mmoja wa CF4 hutia joto duniani zaidi ya mara 6,000 kuliko uzito kama huo wa hewa ya ukaa, na hukaa angani miaka ipatayo 50,000.

Mwaka 1972 wenye viwanda waliunda chama chao mjini London, ambacho tangu mwaka 2000 huitwa International Aluminium Institute. Katika miaka ya 1990 chama kilianza kukusanya kila mwaka hesabu za viwanda: mapando hayo ya umeme yalitokea mara ngapi, na kila moja lilidumu dakika ngapi. Kila kiwanda kilionyeshwa daraja yake miongoni mwa vingine, pasipo majina ya wenziwe kutajwa. Hivyo aliyekuwa nyuma alijijua yu nyuma. Mwaka 1995 serikali ya Marekani nayo ilifanya mapatano ya hiari na wenye viwanda wa huko, na mwaka 1997 gesi hizo ziliingizwa katika Mkataba wa Kyoto.

Dawa yenyewe haikuwa ngumu. Unga ulitiwa kidogo kidogo kwa mitambo badala ya kumwagwa kwa wingi, kompyuta zikalinda umeme, na wafanyakazi wakafunzwa. Tena kila pando la umeme ni hasara ya fedha. Basi faida ya mwenye kiwanda na faida ya hewa zilikwenda njia moja. Mwaka 2003 chama kiliazimia kwamba kufikia 2010 gesi itokayo kwa kila tani ya alumini ipunguzwe kwa asilimia 80 kuliko ya mwaka 1990. Azimio hilo lilitimizwa kabla ya wakati wake.

Hata hivyo hapana budi kupima sifa hizo kwa uangalifu. Kwanza, upungufu ulihesabiwa kwa tani, ilhali kati ya 1990 na 2010 alumini ya dunia ilizidi mara mbili. Viwanda vipya vilijengwa katika nchi nyingi. Hata Oman, nchi yenye Waswahili wengi, ilipata kiwanda chake huko Sohar mwaka 2008. Pili, Uchina ulikuwa umekwisha kuzipita nchi zote kwa wingi wa alumini, na viwanda vyake vingi havikuwamo katika hesabu za chama. Tatu, wataalamu waliopima hewa katika vituo vilivyo mbali na viwanda waliona gesi iliyoongezeka angani ni nyingi kuliko iliyoandikwa vitabuni. Sehemu ya tofauti hiyo yaweza kutoka katika viwanda vya vyombo vya elektroniki, lakini si yote.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Chama cha wenye viwanda kina uwezo wa kukusanya maarifa na kuwatia haya wanachama wake wazembe; hakina uwezo wa kumlazimisha asiye mwanachama, wala hakiwezi kuwa shahidi wa kujitosheleza katika shauri lake chenyewe. Kazi kiliyoifanya ni ya kweli, na thamani yake ilidhihirika zaidi pale hesabu zake zilipowekwa mbele ya vipimo vya watu wengine.