Motokaa ya Makerere

Msomaji, ikiwa wewe ni mtoto wa Bodo, au wa kijiji kingine cha pwani yetu ya Kwale, huenda umepata kumwona fundi wa vyombo akitia mashua kalafati, na kando yake kijana anayejifunza kazi. Kijana huyo haijui mashua kwa kuchorewa ubaoni. Aijua kwa kuiunda pamoja na bwana wake. Vyuo vikuu mara nyingi vimefanya kinyume: mwanafunzi wa uhandisi huketi akaandika, na utafiti ni wa walimu. Nataka nikusimulie habari za watu waliokwenda njia ya yule fundi.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kiliingia katika kazi ya kubuni motokaa iliyoitwa Vision 200, pamoja na wanafunzi wa vyuo vya nchi nyingine. Motokaa hiyo ilionyeshwa Torino, Italia, mwaka 2008. Kisha Makerere wakaazimia kuunda yao, wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi. Novemba 2011 ikatembea Kampala, jina lake Kiira EV: viti viwili, haina tone la petroli. Betri ikisha kujazwa umeme, yaweza kwenda kiasi cha kilomita 80, mwendo wa kukutoa Msambweni hadi kivuko cha Likoni na nguvu zikabaki.

Mtu aweza kubeza kwamba betri yenyewe iliagizwa ng'ambo. Ni kweli, lakini mimi naona amekosa kutazama penyewe. Mwanafunzi apigaye hesabu ya kitabuni ajua kwamba jawabu liko kurasa za mwisho. Hesabu ya uzito wa betri na nguvu za mota haikuwa na kurasa za mwisho. Mwalimu naye alikuwa akilitafuta jawabu.

Taabu moja ilikuwapo. Shahada ya uhandisi huchukua miaka minne, kisha kijana huondoka na ujuzi wake, na mwalimu huanza tena na wageni. Kazi ikahitaji makao nje ya darasa, ndipo ikaundwa kampuni ya Kiira Motors, mali ya serikali ya Uganda na chuo chenyewe. Februari 2016 ikatoa Kayoola, basi la umeme la abiria 35, na juu ya paa lake vibao vya kunasa nguvu za jua.